Mifuko 30 ya Saruji

Nilipangiwa mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya kijiji kimoja huko milimani Lushoto, nikitokea Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo. Sura ya 287, sheria ya serikali za mitaa ngazi ya wilaya na vijiji, nilikuwa nayo kichwani: Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, hukaa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Mkutano wangu wa kwanza walikuja wazee wachache na vijana wapita njia. Ukaahirishwa. Kwenye daftari langu la mafunzo nikaandika: "Mwitikio wa wananchi ni mdogo." Sentensi ile inaniuma hadi leo.

Wiki iliyofuata kitongoji kimoja kilikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, wa kuchimba mtaro wa bomba la maji, nami nikatumwa kuandika mahudhurio. Nikawakuta kina mama wamejaa tangu alfajiri, wengine na watoto mgongoni. Ndio hao hao niliowaandika kwamba hawaitikii! Nikaweka daftari chini, nikaomba jembe. Siku ya kwanza mikono ilitoka malengelenge. Siku ya pili nikapimiwa kipande changu cha kuchimba, kama mtu wa pale.

Mtaroni ndiko nilikoelezwa. Nilimuuliza mama niliyechimba naye mbona mkutanoni hawakuja. "Mwanangu," akasema, jembe halijasimama, "mmeuita siku ya gulio. Kabichi zangu ningemwachia nani?" Mwenzake akadakia kwamba hata wakija husomewa mamilioni mpaka usingizi unawachukua.

Nikarudi kwa mtendaji wa kijiji na maombi mawili: siku ibadilishwe, na taarifa iandikwe upya. La kwanza alilikubali papo hapo. La pili alilifikiria siku tatu, akihofia maneno, kisha akanikabidhi faili la risiti mwenyewe. Namheshimu sana kwa hilo.

Usiku nilikaa na risiti zile, nikageuza fedha kuwa vitu. Ukarabati wa darasa, kwa mfano, nikauandika hivi: saruji mifuko 30, mchanga tripu mbili, fundi siku tisa. Nikaandika kwa kalamu nene kwenye manila na kubandika zahanati, dukani na kwenye mashine ya kusaga. Mashine inashinda ubao wa ofisi kwa mbali. Pale mtu anasubiri zamu yake, na asiyejua kusoma husomewa na mtoto aliyetumwa kusaga.

Mkutano ukaitwa siku isiyo ya gulio, baada ya swala ya alasiri. Mabenchi hayakutosha. Yule mama wa kabichi akasimama: "Saruji mifuko 30. Jana nimepita darasani, sakafu haijafika nusu. Iliyobaki iko wapi?" Mwenyekiti akasema iko stoo ya shule. Mkutano ukatuma watu wawili wakahesabu, wengine tukawasubiri. Wakarudi na jibu: mifuko 11 ipo, mitatu kati yake imeganda kwa unyevu.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza, nani ashike ufunguo wa stoo, na fundi arudi lini. Mimi nilikuwa naandika muhtasari. Karatasi zikaniishia kabla ya magharibi, nikaanza kuchana za katikati ya daftari langu la mafunzo.