Saa Tisa Usiku, Nasugua Oveni

Ujumbe wa dada ulikuwa na maneno manne: "Mama yuko hospitali, usijali." Niliusoma nikiwa ndio kwanza nimetoka zamu ya jioni, koti bado mwilini, glavu moja mkononi na nyingine mdomoni. Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena, kimya. Basi nikavua viatu, nikafungua oveni, nikaanza kuisugua.

Ukiniuliza kwa nini oveni, sina jibu. Haikuwa hata chafu kiasi hicho.

Anayeishi mbali analijua hilo "usijali". Wa nyumbani wana namna yao ya kutukinga: homa huitwa uchovu, upasuaji huitwa vipimo, na habari kamili hutufikia mambo yakiwa yamekwisha. Kwa hiyo ukisikia "usijali" unaanza kuyatafuta maneno yaliyoachwa nyuma. Na mwaka ule nisingeweza kupanda ndege. Makaratasi yangu yalikuwa yamelala kwenye ofisi moja yakisubiri mhuri, na ukitoka kabla hayajakamilika unaweza kurudi ukakuta mlango umefungwa. Wenzangu mliopitia hayo mnajua unavyojifunza kutopanga chochote.

Nilimaliza oveni, nikahamia kwenye jiko la juu. Kutoka jikoni nikaingia bafuni. Saa ya ukutani ilionyesha tatu, nami kichwani nasema saa tisa, maana hata baada ya miaka yote hii bado nahesabu saa zetu na kutafsiri kimoyomoyo. Nilikuwa nimemwaga siki kwenye sinki kuondoa ule ukoko mweupe unaoachwa na maji, halafu bila kufikiri nikashika chupa ya jiki na kumimina juu yake. Harufu ilinipanda puani kama kofi. Macho yakawaka. Niliruka nikafungulia maji, nikalifungua dirisha lote, nikatoka nje ya bafu nikikohoa, baridi ya usiku ikiingia nyumba nzima.

Siki na jiki zikikutana hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyofunguliwa juu ya wanajeshi kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Jiki na dawa za usafi zenye amonia nazo hutoa gesi nyingine isiyo na huruma. Nyumba za nchi za baridi zimezibwa kila ufa ili joto lisitoke, kwa hiyo na sumu haitoki. Nilikuwa nayajua hayo. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa inasema. Ila usiku ule sikuwa nasoma karatasi za chupa.

Ungedhani ningeishia hapo. Nilichukua mashine ya kuvuta vumbi. Jirani wa chini akagonga dari yake kwa kitu kama mpini wa ufagio, mara tatu, kwa adabu kuliko nilivyostahili. Nilipoizima ndipo nikaiona simu juu ya kitanda ikimulika: dada alikuwa amepiga mara nne.

Tangu hapo huwa nasita kidogo mtu akiniambia kwamba usafi ni dawa ya mawazo. Ni kweli, na pia si kweli.

Ukweli wake nimeuelewa kupitia mhamiaji mwenzetu. Hans Selye alizaliwa Vienna mwaka 1907, akavuka bahari, akafanyia kazi Montreal, Kanada. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature kuhusu panya wake wa maabara. Aliwatesa kwa njia tofauti, mara baridi, mara sumu, mara kuwachosha misuli kupita kiasi, na kila mara miili yao ikajibu kwa namna moja. Baadaye jambo hilo ndilo lililokuja kubeba jina la stresi, ambalo sisi tunaliita msongo. Mwili haukuulizi shida yako ni ipi. Moyo unaenda mbio, sukari inamwagwa kwenye damu, misuli inakaza ikisubiri amri ya kupigana au kukimbia. Sasa shida yenyewe iko maelfu ya kilomita kutoka hapo ulipo, kwenye kitanda cha hospitali. Nipigane na nani? Nikimbilie wapi? Mwili umeshajaza tangi, gari halina barabara. Sponji na maji ya moto ndiyo barabara iliyokuwepo.

Halafu usafi una kitu ambacho maisha ya huku hayana: unakwisha. Ombi la kibali halina mwisho unaouona. Lugha ya watu huimalizi kujifunza. Kazi yangu ni ghalani, na kubeba boksi kwangu si msemo, ni boksi kwelikweli, na ukishusha la mwisho lori lingine linarudi nyuma likipiga honi. Lakini sinki lililokuwa na ukoko linabaki jeupe, unaliona, umelifanya wewe. Hata sabuni yenyewe inanifurahisha ninapoifikiria: kila chembe yake ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, ndiyo maana inaweza kuyashika mafuta na kuyatoa na maji. Inaishi pande mbili zisizopatana. Wahamiaji tungeweza kuichagua iwe nembo yetu.

Na pia si kweli kwamba usafi ni dawa, kwa sababu unakuruhusu kukimbia. Kila ukimaliza pembe moja kuna nyingine, na kelele za mashine zinaziba sikio. Mimi niliyedai nahangaika kwa ajili ya mama ndiye niliyekosa simu nne za kuhusu mama.

Mkate haukuruhusu hivyo. Nilianza kuoka majira ya baridi yaliyofuata, jua likiwa linazama kabla sijaamka vizuri kutoka zamu ya usiku, na sikuanza kwa hekima yoyote. Nilikuta paketi ya hamira kabatini, imeachwa na mpangaji aliyetangulia, nikaona aibu kuitupa. Mkate wa kwanza ungeweza kutumika kujengea. Nilikuwa nimemimina maji yanayokaribia kuchemka nikidhani naisaidia hamira ipate joto. Hamira ni kiumbe hai, jambo ambalo Louis Pasteur alianza kulitetea mwaka 1857 wakati wapo wakemia wakubwa waliosema uchachu ni kemia tupu. Maji ya vuguvugu, nyuzi 35 hadi 38 hivi, yanaiamsha. Yakifika nyuzi 60 umeiua, na hakuna kukanda kutakakoifufua.

Siku hizi napima kwa mizani, sikadirii kwa macho: unga gramu 500, maji 325, chumvi 10, hamira kavu 7. Vipimo hivyo nimevikariri kuliko namba yangu ya mfanyakazi. Siku ambayo kichwa hakina utulivu, kuisogelea mizani polepole, kijiko baada ya kijiko, mpaka isome 500 kamili, tayari ni nusu ya tiba.

Kisha kukanda. Dakika kumi kwa mkono. Mwanzoni ni uji mzito unaong'ang'ania vidole, unautukana. Dakika ya nne au ya tano unajiuliza kama umekosea maji. Kuanzia ya saba protini za ngano zimeshaanza kushikana zikawa kama wavu, na donge linabadilika chini ya viganja, linakuwa laini, linavutika bila kukatika, linaacha kuganda mezani. Hakuna mahali unapoweza kusema hapa ndipo lilipogeuka. Na faida ambayo sijaiona ikitajwa: mikono ikiwa na unga mpaka kwenye viwiko huwezi kuperuzi simu. Dakika kumi nzima hakuna habari mbaya inayoweza kukufikia kwa kidole chako mwenyewe.

Ila kukanda bado ni kusugua, ni nguvu tu. Kinachoutofautisha mkate kinaanza ukishafunika bakuli. Hapo huna la kufanya. Saa moja na nusu katika nyumba yenye joto la kutosha, zaidi ya hapo kama mnabana bili ya kupasha joto. Nimejaribu hila zote, kuliweka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa taa yake ikiwaka, kulifunga kwa taulo kama mtoto. Zinasaidia kidogo. Ukilikimbiza donge unapata mkate mzito. Ukiliweka kwenye friji usiku kucha linaumuka taratibu sana na mkate unakuwa na ladha nzuri zaidi, jambo ambalo kwa mtu wa subira ndogo kama mimi lilikuwa kero kulikubali. Nilikuwa nimezoea kusubiri kwa aina moja tu, ile ya ofisini, ambako kusubiri kwako hakuongezi kitu. Hapa unainua kitambaa, unaona limepanda kidogo.

Katika hiyo saa na nusu ya kwanza kabisa iliyofanikiwa, niliketi kwenye kiti cha jikoni bila redio. Nikalia. Sikuwa nimelia usiku wa oveni, wala mama alipotoka hospitali, wala mhuri ulipopatikana hatimaye, wiki tatu baada ya safari yenyewe kukosa maana. Ilikuwa Jumanne ya kawaida na donge la unga linaumuka.

Harufu sasa. Ganda likianza kubadilika rangi ndani ya nyuzi 220, sukari na protini zinaunguzana kwa namna ambayo Mfaransa Louis Camille Maillard aliieleza mwaka 1912, na ngazi nzima ya jengo inajua kwamba naoka. Njia ya harufu kwenda kwenye ubongo ni fupi, inafika haraka sehemu zinazotunza hisia na kumbukumbu, kwa hiyo usishangae ukifungua oveni ukamwona mtu ambaye hamjaonana miaka sita. Jirani wa chini hupata nusu mkate kila nikioka. Hatujawahi kuuzungumzia usiku ule.

Jumapili iliyopita nilimpigia mama video, nikaiegemeza simu kwenye kopo la unga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona nakuona dari?"

Nikairekebisha kwa kiwiko. Nikamwambia nakanda, amenikuta wakati mzuri. Akanyamaza, akawa anasikiliza tu, macho kaangalia pembeni.

"Bado hilo," akasema.

"Mama, hata hulioni."

"Nalisikia linavyobanduka mezani. Likiwa tayari halitoi sauti hiyo. Kanda."

Nikakanda. Alipotosheka na mlio wake nikalifunika, nikanawa, nikavuta kiti. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu yale maneno manne, hospitali walimfanya nini hasa. Akacheka kidogo, akauliza dada kaniambia nini. Nikamwambia dada kaniambia nisijali. Basi akaanza mwanzo, siku alipoanguka, nani alimwokota, walichokikata na walichokishona, alivyowakataza wote wasiniambie kwa sababu ningeacha kila kitu na kurudi. Alieleza taratibu, akirudi nyuma kurekebisha siku na majina ya manesi, nami sikumkatiza.

Donge lilijaa bakuli, likainua kitambaa, likamwagika ukingoni, likashuka. Nililiona. Mkate ule ulitoka bapa kama kandambili, na ule wa jirani nilimpelekea hivyo hivyo.