Gigabaiti 94 nilizozikalia bila kujua

Ijumaa usiku, nyumbani Umoja, Nairobi, nilikuwa kwenye laptopu natoa faili ya mwisho ya video ya ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) niliyomwahidi mteja Jumamosi asubuhi. Ilipofika asilimia 71 ikagoma: diski imejaa. Kwenye draivu C mstari ulikuwa mwekundu, zimebaki megabaiti 300.

Nikaanza kufuta ovyo. Filamu, picha za zamani, hata nyimbo. Nafasi haikuongezeka, kumbe vyote vilikuwa vimelala kwenye pipa la taka. Nilipolimwaga nikapata gigabaiti 6. Nikafungua kazi yangu tena, nusu saa baadaye zimebaki 2. Hapo nikashtuka, maana sikuwa nimeongeza chochote.

Asubuhi nikaipeleka laptopu kwa fundi wa Luthuli Avenue, mjini. Hakuikagua hata dakika mbili. "Boss, hii ni kununua diski kubwa tu." Pesa zenyewe ningezitoa wapi kabla mteja hajalipa?

Nikarudi nyumbani kupiga hesabu. Diski iliuzwa kama ya gigabaiti 256, lakini Windows huonyesha 238. Watengenezaji hupanda kwa hatua za 1,000 kutoka baiti hadi gigabaiti, Windows kwa hatua za 1,024. Hiyo si hasara. Folda zangu zote zilikuwa na gigabaiti 61, za mfumo na programu 48. Jumla 109. Na zile nyingine 129?

Nikapakua WinDirStat, programu ya bure, nikaifungua kwa mamlaka ya msimamizi ili isizuiwe kuingia folda za mfumo. Ikachambua dakika kadhaa, kisha ikachora miraba ya rangi: faili kubwa, mraba mkubwa. Kona moja ilijaa rangi moja tupu. Nikabofya. Ikanipeleka ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha, ndiyo maana hesabu yangu haikuigusa. Humo mlikuwa na Media Cache Files, gigabaiti 94, nyingi zikiwa faili za .cfa. Programu ninayohariria video, kila nikiingiza klipu, hutengeneza nakala ya sauti yake na kuiweka huko ili ifanye kazi haraka. Harusi za miaka miwili zilikuwa bado zinanisubiri humo, na maharusi wengine wameshapata watoto.

Nikaifunga kazi na kuzifuta kupitia mipangilio ya programu yenyewe. Hazina hasara, ukifungua kazi ya zamani hutengenezwa upya, unasubiri kidogo tu. Nikaona pia hiberfil.sys, faili ambamo Windows huhifadhi kazi iliyo wazi laptopu inapolala, gigabaiti 6. Hiyo huondolewa kwa amri ya powercfg /h off, wala si kwa kufuta kwa mkono, lakini niliiacha. Ndiyo hutunza kazi yangu betri ikiisha, na huku kwetu stima haina adabu.

Sasa nakala zile za sauti zinaenda kwenye diski ya nje, na nimeziwekea siku 30 zijifute.

Mteja aliipata video saa mbili usiku. Akaniuliza nilikuwa wapi mchana kutwa. Nikasingizia stima.