Peugeot 404 na 504 katika karakana moja

Jumamosi iliyopita, katika karakana moja karibu na barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, nilizikuta Peugeot 404 na 504 zimeegeshwa ubavu kwa ubavu, nami nikasahau pedi za breki nilizokuwa nimezifuata. Ile ya kwanza, iliyozinduliwa mwaka 1960 na kuchorwa na Pininfarina, kampuni ya Italia ya kubuni maumbo ya magari, ina mapezi nyuma na mkono wa gia uliochomoza kando ya usukani. 504 ilifuata mwaka 1968.

Tofauti kubwa iko chini. Magurudumu ya nyuma ya 404 yameunganishwa kwa ekseli moja ngumu, hivyo moja likitumbukia shimoni jingine nalo huyumba, ilhali katika 504 hii kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake. Fundi aliubonyeza mkia wa 504 kwa viganja. Ukadidimia, ukainuka mara moja, ukatulia.

Hata hivyo, moyo wangu uko kwa 404. Ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968, na marehemu baba aliiendesha hadi kiti cha dereva kikachukua umbo la mgongo wake.