Ramani ya sebuleni

Mtoto kaja na lenzi kutoka shule, basi wiki nzima anakagua kila kitu, sisimizi, wali, pua ya mama yake. Jana kafika kwenye ile ramani. "Baba, mbona bahari nyembamba kama mto?"

Nikamwambia ya asili ilikuwa ngozi ya kukunja, karibu mita 7 kwa sentimita 34 tu, sasa bahari ipite wapi? Iko Vienna hiyo, ramani ya Peutinger, ilinakiliwa kama miaka ya 1200 kutoka ya Warumi wa kale. Ni ya watu wa safari, kama konda anavyoita Ubungo, Shekilango, Manzese, Magomeni, nani anamuulizaga kaskazini iko wapi? Barabara ikipinda kidogo ndo kituo, pembeni maili kwa namba za Kirumi.

Yangu kipande tu, kile chenye Roma, mtu kakaa kwenye kiti cha enzi barabara zinamtoka pande zote. Nilikinunua hukohuko Roma, soko la mitumba la Jumapili, baridi imeingia mpaka mifupani na mfukoni nina euro 70 za kumaliza mwezi. Mzee muuzaji hakuongea sana (Kiitaliano changu chenyewe kilikuwa cha kuombea maji). Akainua karatasi juani, nikaona mistari membamba ndani yake, imepangana kama ukindu wa mkeka. Halafu akanishika kidole, akakipitisha taratibu pembeni ya picha, nikahisi kibonde, pale bamba la shaba lilipoikandamiza karatasi. Kucha yake ya njano, mkono wa baridi kuliko wangu. "Vienna, 1753," akasema. Kweli huo mwaka ilichapwa huko, nilikuwa nimesoma, ndo kilichoniponza. Nikatoa 60.

Mwezi ule tambi tupu. Halafu jamaa niliyekuwa naishi naye akanambia kibonde hata leo kinatengenezwa, chukua lenzi, ya shaba mistari yake mizima, ukiona vidoto vidoto kama vya gazeti ujue umepigwa. Lenzi sina. Nikaitia fremu, nikaifunika kioo, miaka 14 sasa.

"Baba ishushe basi, kioo kinang'aa, sioni vizuri."

Nikamwambia msumari umeshika kutu. Saa hizi naandika namsikia anaburuta stuli.