Mpira wa taa wa binti yangu

Jana nimeupasua mpira wa binti yangu, ule wa miiba laini unaowaka nyekundu na bluu na kulia ukiudunda chini, tulinunua Kariakoo mwezi uliopita na tangu siku hiyo analala nao. Ulikuwa umezima kabisa, na yeye kanikazia macho, baba tengeneza.

Ndani kuna kikopo kidogo cha plastiki, nikakifungua taratibu kwa wembe nikabaki nakitazama tu. Jamani ni kazi nzuri! Kuna kaspringi kembamba kama unywele kamezunguka kasindano, havigusani, ila ukidunda mpira springi inatikisika inagusa sindano, umeme unapita, kachipu kanaamka kanawasha taa na kutoa sauti sekunde kadhaa halafu kanalala tena. Ndo maana ukiuacha mezani unatulia, betri haiishi haraka. Vile viatu vya watoto vya kuwaka kisigino navyo mchezo ni huohuo, ingawa vya kampuni ya LA Gear vya mwaka 1992 vilitumia zebaki badala ya springi, baadae wakaiacha maana ni sumu.

Shida ilikuwa betri tu, zile za duara kama za saa. Nikabadilisha, nikagundisha kwa supaglu, ukawaka, mtoto kapiga kelele mpaka jirani katoka nje kuuliza kuna nini.

Ila wazazi wenzangu hizo betri msiziache ovyo, mtoto akimeza ikakwama kooni inaweza kumuunguza vibaya ndani ya masaa mawili tu, kimbia hospitali hapohapo. Za zamani nimezizungushia selotepu, ziko juu ya kabati.