Viatu vya Watu Wawili

Juni 2017 nilipanda basi Arusha alfajiri kwenda Mbulu, begi la kamera likiwa mapajani njia nzima. Rafiki yangu, mwalimu wa michezo, alikuwa na kambi ya wakimbiaji 12 wa miaka 14 hadi 17. Alitaka kila mmoja apigwe picha ya peke yake, ibandikwe bwaloni, na nakala iende nyumbani kwao. Wazazi walikuwa wameshasaini kuridhia. Hilo nililidai kabla hata ya kuzungumzia nauli, maana sura ya mtoto si mali ya mpiga picha.

Nilikwenda na mpango wangu kichwani: ukuta wa darasa, flashi moja yenye mwavuli upande wa kushoto, mikono kifuani, kidevu juu, medali ya kuazima shingoni. Nilishaona picha nyingi za namna hiyo za wanasoka wa Ulaya, nikaamini mwanamichezo ndivyo anavyopigwa. Kwa saa moja na nusu nikawa nimewamaliza wote.

Jioni nikazipitia kwenye skrini ya kamera, na moyo ukaniuma. Mwanga ulikuwa umekaa vizuri, lakini zilikuwa picha 12 za mtu mmoja. Nyuso zimekakamaa kama za kitambulisho cha NIDA.

Watoto walinizunguka watazame. Binti mmoja wa mita 3,000, mwembamba, msemaji wa taratibu, aliiangalia yake kwa muda mrefu.

"Kaka, miguu haipo."

"Ndiyo, nimeishia hapa kiunoni."

"Sasa watajuaje kuwa nakimbia?"

Nikaitazama tena ile medali kifuani pake. Haikuwa yake, na macho yake pichani yalikuwa yanasema hivyo hivyo.

Usiku, baada ya ugali na maharage, tukakaa karibu na moto wa jikoni kwa sababu baridi ya Mbulu mwezi ule haina huruma. Mwalimu akawasimulia habari za Mzee John Stephen Akhwari, mtu wa huko huko Mbulu. Walishaisikia mara nyingi, hata walimtangulia kwenye maneno. Olimpiki ya Mexico, 1968, mbio za marathoni. Akaanguka njiani, goti likaumia, likafungwa, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20, na Akhwari akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeingia, wa mwisho kati ya wote waliomaliza. Nikiwa nasikiliza, nikagundua kwamba sura ya Wolde siikumbuki kabisa, ila ule mguu wenye bandeji ningeweza kuuchora gizani.

Asubuhi sikufungua mwavuli. Nikamwomba kila mmoja anionyeshe jambo moja analolifanya kabla ya mazoezi, lile analolifanya hata pasipo mtu wa kumwona. Hapo ndipo kambi iliponifungukia. Kijana wa kuruka viunzi alinipeleka nyuma ya jiko, kwenye gogo ambalo gome lake lilikuwa limelika mahali pamoja tu, pale anapokanyaga. Mwingine alifunga kamba za viatu mafundo mawili, la pili akalikaza kwa meno. Mmoja alisimama tu, amefumba macho, midomo inacheza. Nikampiga hivyo hivyo, sikumuuliza anasema nini.

Yule binti alikuja wa mwisho, pamoja na mwenzake. Walikuwa na jozi moja ya viatu vya misumari kati yao wawili. Mwenye mbio za mapema anavivaa, akimaliza anavivua pale pale pembeni ya uwanja na kumpa mwenzake. Mwenzake vilimtosha. Yeye vilimzidi, kwa hiyo alikuwa na vipande viwili vya kitenge, cha bluu na cha njano, alivyovitunza ndani ya soksi. Alikaa kwenye nyasi, akakunja kile cha bluu mara tatu, akakisukuma kwa kidole hadi mwisho wa kiatu, akatia mguu, akauchezesha, akautoa, akapunguza mkunjo mmoja. Alifanya hivyo kwa utulivu wa fundi cherehani anayepima shingo ya gauni. Ulimi ulikuwa umebanwa kwenye pembe ya mdomo.

Nikalala kifudifudi kwenye umande, lenzi karibu iguse soli. Betri za flashi zilikuwa zimekwisha tangu jana, na ukungu ule mweupe uliidanganya kamera ikamtia giza usoni. Nikaongeza mwanga hatua moja na nusu, ukungu uungue ukitaka, ili ngozi yake ionekane ilivyo. Mwenzake nikampa mfuko mweupe wa sandarusi uliokuwa na mchele, aushike chini karibu na bega langu urudishe mwanga juu. Kiatu kikajaa mbele ya picha, kimefifia, misumari miwili imeng'oka. Nyuma yake, mkali kabisa, uso uliosahau kwamba mimi nipo.

Nilipiga mara sita. Ya nne ndiyo yenyewe.

Agosti nilirudi na picha zilizosafishwa, kila moja ukubwa wa karatasi ya A4. Binti aliishika yake kwa ncha za vidole, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akatabasamu, kisha akaanza kuhesabu misumari kwa sauti ya chini.

"Kaka, unaweza kutoa nyingine kama hii?"

"Ya nyumbani nimeshampa mwalimu."

"Si ya nyumbani. Ya mwenzangu. Viatu ni vya wote."

Nikamkumbusha kwamba mwenzake anayo yake, nzuri tu, anajinyoosha kwenye nguzo ya goli. Akasema anajua, lakini katika ile hakuvaa viatu.

Nikaisafisha nyingine Arusha wiki ile ile, nikaibana katikati ya maboksi mawili isikunjike, nikampa konda wa basi la Mbulu. Juu ya bahasha niliandika majina yao wote wawili.