Kuamia Shomoro kwenye Theluji ya Ohio

Kila ifikapo Januari, theluji ikishatanda uani, mimi huketi kwenye kibanda cha zana nyuma ya nyumba yetu, dirisha likiwa limeachwa wazi kiasi cha kupitisha mtutu, nikiamia ndege. Sijapata neno linalofaa zaidi ya hilo. Huko Mombo, mpunga ulipoanza kutunga punje, babu alitupandisha dunguni tangu alfajiri, tukapiga madebe na kurusha mawe kwa teo hadi jua lilipozama. Hapa Ohio sina mpunga. Ninachokilinda ni visanduku vinne vya mbao vilivyopigiliwa juu ya nguzo, ambavyo mzee jirani yangu alinigawia mwaka wa kwanza tulipohamia nje ya mji.

Visanduku hivyo ni vya ndege mdogo wa buluu mwenye kifua cha rangi ya kutu, ambaye wenyeji humwita bluebird. Yeye hutaga kwenye mashimo ya miti, lakini hana mdomo wa kujichimbia shimo lake, na miti mikavu yenye mashimo imepungua. Mwezi Mei wa mwaka ule wa kwanza nilifungua kisanduku cha tatu nikitarajia makinda. Nilikuta rundo la majani makavu na manyoya ya kuku, na chini yake mama wa buluu amekufa, fuvu limedonolewa hadi likatoboka. Shomoro dume alikuwa juu ya paa la kisanduku akilia kwa furaha ya mwenye nyumba. Mzee alipokuja kutazama, hakushangaa hata kidogo. Aliniambia tu kwamba nimechelewa, kwa sababu kazi ya kumzuia shomoro hufanywa wakati wa baridi.

Shomoro huyu si wa huku. Aliletwa Brooklyn kutoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1850, na kwezi wa Ulaya akafuata: Eugene Schieffelin aliwafungulia kwezi wapatao 60 katika Central Park ya New York mwaka 1890, kisha wengine 40 mwaka uliofuata. Wote wawili hutaga mashimoni, na wote hawahami msimu wa baridi kama wanavyohama wenyeji wengi, hivyo ifikapo Februari, ndege wa buluu wanapoanza kuchungulia visanduku, wageni hao wanakuwa wamekwisha kujichagulia. Tundu la upana wa sentimita 3.8 humzuia kwezi asiingie, ila shomoro hupita bila taabu. Na kwa kuwa wote ni wageni, sheria ya Marekani ya mwaka 1918 inayowalinda ndege wahamao haiwagusi shomoro hawa wala kwezi, ilhali karibu kila ndege mwingine wa uani yumo ndani yake.

Hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo, wala si katika kulenga. Wakati wa baridi hushuka kutoka kaskazini ndege wadogo wa kahawia ambao mtu mwenye haraka angewaita shomoro wote. Kuna mwenye utosi wa rangi ya kutu na doa moja jeusi katikati ya kifua. Kuna mwenye koo jeupe na alama ya manjano kati ya jicho na mdomo. Kuna mwenye michirizi iliyokutana kifuani. Hao wote ni wenyeji na kumpiga mmoja wao ni kosa la jinai. Shomoro dume ninayemtafuta ana utosi wa kijivu na kidevu cheusi, lakini katika miezi hii weusi huo hufunikwa na ncha za kijivu za manyoya mapya, na jike hana alama yoyote ila mstari hafifu nyuma ya jicho. Kwezi naye huvaa madoadoa meupe na mdomo wake huwa mweusi, usigeuke manjano mpaka majira ya kuchipua yakaribie. Kwa hiyo nimejiwekea mwiko: ndege nisiyeweza kumtaja jina nikimtazama kwa darubini, simfyatulii. Asubuhi nyingi hurudi ndani bila kufyatua hata mara moja.

Bunduki yangu ni ya upepo, ya milimita 4.5. Ya kwanza niliyonunua ilitumia mtungi mdogo wa gesi ya kaboni, nami sikujua kwamba gesi hiyo hupoteza msukumo katika baridi. Katika nyuzi 10 chini ya sifuri risasi ilishuka chini ya nilipolenga, na kwezi mmoja akaburuta bawa kwenye theluji hadi nilipomfuata na kummaliza kwa mikono. Sikulala vizuri usiku ule. Sasa ninatumia ya springi, naitoa nje ikiwa ndani ya mkoba wake uliofungwa kwa kufuli nusu saa kabla ya kazi ili izoee hewa, kisha naijaribu kwenye karatasi umbali wa mita 15, ambao ndio mwisho wangu. Nyuma ya chambo kuna robota mbili za nyasi kavu zilizoegemea ukingo wa udongo, kwa kuwa ardhi iliyoganda hurudisha risasi kama jiwe. Maiti huziokota kwa glavu, kwa ajili ya mafua ya ndege na kwa sababu mwewe akila nyama yenye madini ya risasi hudhurika.

Kabla ya yote hayo, humpigia simu jirani. Miji mingi hapa inakataza kufyatua bunduki ya upepo ndani ya mipaka yake, na ingawa sisi tuko nje ya mji na nimeuliza ofisi ya wilaya, mtu mweusi mwenye lafudhi ya Tanga anayeonekana na mtutu dirishani anahitaji zaidi ya kuwa upande wa sheria. Mzee hujibu kila mara, "Haya, waamie," neno alilojifunza kwangu.

Nikiri pia kwamba bunduki peke yake haitoshi. Shomoro walipungua hasa nilipoacha kumwaga mtama na mahindi yaliyoparazwa, nikabakiza mbegu za alizeti peke yake. Mwaka juzi nilihesabu zaidi ya 40 kwenye ua wa miti. Juzi walikuwa 11.

Jumapili nilimsimulia mama haya yote baada ya shikamoo na marahaba. Aliuliza kama tunawala, nikasema hapana, akaguna. Nikamweleza kuwa sumu iliyowahi kutumika Zanzibar na Dar es Salaam dhidi ya kunguru wa Bara Hindi ilibuniwa hapa Marekani kwa ajili ya kwezi hawahawa. Alinyamaza kidogo.

"Basi mwanangu, ukimaliza na hao wa wazungu uje na hiyo bunduki yako," akasema. "Kunguru wa hapa wamenimalizia vifaranga, jana wamebeba wa mwisho."